Akiba na Uvundo

Wahenga waliosema kuwa akiba haiozi hawakuwa wageni wa mambo ya uozo. Walikaa pwani, katika nchi ya joto na upepo wa chumvi, na walijua kuwa samaki aliyetoka majini alfajiri huanza kubadilika kabla ya adhuhuri. Walijua kuwa tui la nazi huchacha, kuwa embe huiva likapita kiasi, na kuwa wali wa jana huvunda chunguni. Basi waliposema neno lile hawakukusudia kusema kuwa vitu haviozi. Walikusudia kuwa kitu hakistahili kuitwa akiba mpaka mwenyewe awe amekwisha kukitafutia njia ya kutooza. Akiba si wingi wa mali. Akiba ni ushindi juu ya wakati. Mwenye mali nyingi iozayo ni maskini anayengojea saa yake.

Mahali pazuri pa kulipima neno hili ni ufuko wa Bagamoyo, penye soko la samaki karibu na jengo la kale la forodha. Ngalawa, mashua na boti za mashine hutia nanga, samaki wakateremshwa mchangani, na mnada ukaanza. Dalali hutaja bei, wachuuzi wakapandisha, na fungu likapata mwenyewe. Lakini bahari haitoi mshahara wa mwezi. Leo hutoa kwa mikono miwili, kesho hufumba vidole. Kaskazi ikivuma, maji huwa shwari siku nyingi na vyombo vidogo hufika mbali. Kusi ikishika nguvu, hasa Juni na Julai, mawimbi hupanda na ngalawa nyingi hulala pwani. Ndani ya kila mwezi tena kuna bamvua na maji mafu, na uvuvi hufuata kujaa na kupwa.

Siku ya neema, samaki ni wengi na bei ni ndogo. Siku ya uhaba, bei ni kubwa na samaki hawapo. Mchuuzi aliyenunua kwa wingi siku ya neema hana nafasi ya kuingoja siku ya uhaba. Katika joto la pwani samaki asiyewekewa barafu hamalizi siku moja. Mnunuzi mwerevu analijua jambo hili, naye hana haja ya kubishana sana. Hungoja jua. Jua humfanyia kazi ya udalali bila ujira, na kila saa inayopita humpunguzia bei. Hivyo katika biashara ya samaki mwenye nguvu si yule mwenye maneno mengi, wala si yule mwenye samaki wengi, bali ni yule awezaye kungoja.

Watu wa Bagamoyo, Mlingotini, Saadani, Ununio na Kunduchi hawakukubali kushindwa na jua pasipo kupigana nalo. Walitafuta silaha nne: chumvi, jua lenyewe, moshi na mafuta. Papa na taa hupasuliwa, hutiwa chumvi, huanikwa wakawa ng'onda. Pweza hutundikwa akakauka. Dagaa huchemshwa katika maji ya chumvi, kisha huanikwa. Samaki wengine hubanikwa juu ya moto wa moshi, na wengine hukaangwa katika mafuta mengi hata wakakauka, kazi ambayo imewalisha wanawake wengi na watoto wao. Chumvi haikutoka mbali: kaskazini ya mji, mahali paitwapo Nunge, maji ya bahari huingizwa katika mabwawa ya kina kifupi, jua likayanywa, chumvi ikabaki.

Nguvu ya chumvi na jua hata historia ya mji inaishuhudia. David Livingstone alipokufa mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, watumishi wake, wakiongozwa na Abdallah Susi na James Chuma, waliukausha mwili wake kwa chumvi na jua, wakaubeba kwa miguu miezi mingi, wakaufikisha Bagamoyo mwezi wa Februari 1874, na kutoka hapo ukavuka kwenda Unguja.  

Silaha zote hizi hufanya kazi moja kubwa: humnyang'anya samaki maji, kwa maana vijidudu viozeshavyo haviwezi kustawi pasipo maji. Lakini kila silaha ina gharama yake. Ng'onda ni kitoweo kizuri, na wapo wanaokipenda kuliko samaki mbichi. Hata hivyo si samaki yule yule aliyetoka majini. Ni chakula kingine, chenye ladha nyingine na bei nyingine. Chumvi haimhifadhi samaki tu, humbadilisha pia.

Baridi ilikuja na ahadi mpya: kumhifadhi samaki angali samaki. Barafu ilitangulia. Kwa joto la pwani desturi njema ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, na samaki aliyelazwa vema katikati ya barafu iliyosagwa huweza kukaa hata zaidi ya wiki moja. Kisha ikaja friza, ambayo yapasa kukaa katika nyuzi 18 chini ya sifuri. Katika baridi ya namna hiyo vijidudu havifi vyote, bali hulala usingizi. Neno hili ni dogo, lakini yafaa likumbukwe: kilicholala huamka.

Kugandisha nako kuna adabu zake. Mmarekani mmoja, Clarence Birdseye, aliishi Labrador, ambayo leo ni sehemu ya Kanada, kati ya mwaka 1912 na 1915. Huko aliwaona Wainuit wakivua samaki katika baridi kali. Samaki waliganda mara moja juu ya theluji, na walipopikwa baada ya muda mrefu walikuwa na ladha ya samaki wapya. Birdseye alitambua kuwa siri haikuwa katika baridi peke yake bali katika upesi wake. Maji yakiganda polepole ndani ya nyama hufanya chembe kubwa za barafu zinazopasua nyuzi zake, na siku ya kuyeyuka utomvu wote hutiririka, samaki akabaki kama pamba. Yakiganda upesi, chembe huwa ndogo na nyama husalimika. Katika miaka ya 1920 aliunda mitambo ya kugandisha upesi, na biashara ya vyakula vya baridi ikaenea duniani. Mwenye friza ya nyumbani hana mitambo hiyo, lakini somo lake analiweza: vipande vyembamba, vilivyotandazwa, na wala si gunia zima lililosongwa kwa pamoja.

Walakini baridi ina adui anayeishi ndani ya nyumba yake. Adui huyo ni hewa. Hewa ya friza ni kavu sana, nayo huinyonya barafu iliyo juu ya nyama ikawa mvuke pasipo kupita katika hali ya maji. Nyama hubaki na mabaka meupe, makavu kama ngozi iliyoungua, na ladha yake hupotea. Tena mafuta ya samaki, hasa kibua na nguru, hukutana na oksijeni yakachacha hata katika baridi. Ndiyo sababu samaki aliyetupwa katika friza ndani ya mfuko uliolegea hutoka baada ya miezi mitatu akiwa hana uvundo, lakini hana utamu pia.

Wanadamu walianza zamani kuishughulikia hewa. Mwaka 1643 Evangelista Torricelli wa Italia alionyesha kuwa hewa ina uzito. Otto von Guericke, meya wa mji wa Magdeburg katika Ujerumani, aliunda pampu ya kufyonza hewa, akaunganisha mabakuli mawili ya shaba, akaitoa hewa iliyokuwamo, na farasi waliovuta huku na huku walishindwa kuyatenganisha. Kilichoyashika hakikuwa gundi, bali uzito wa hewa ya nje, ambao ni takribani kilo moja juu ya kila sentimita moja ya mraba. Mtu huubeba uzito huo tangu kuzaliwa pasipo kuuhisi.

Baadaye Mfaransa Nicolas Appert alihifadhi vyakula katika chupa zilizofungwa barabara na kuchemshwa, na mwaka 1810 serikali yake ilimpa zawadi ya faranga 12,000. Wengi walidhani kuwa chakula kilisalimika kwa sababu hewa ilizuiwa. Ilipofika miaka ya 1860 Louis Pasteur alionyesha kuwa waozeshaji ni vijidudu. Basi kilichookoa chakula cha Appert kilikuwa moto uliowaua, na kizibo kiliwazuia wengine wasiingie. Tofauti hii si ya wanavyuoni peke yao. Mtu anayeamini kuwa kuondoa hewa ni kuondoa hatari amerudi nyuma ya Pasteur, na anaweza kulipa kwa uhai wake.

Leo pampu ya Guericke imekuwa ndogo hata hutoshea kiganjani kama tochi. Huchajiwa umeme kama simu. Mdomo wake hubandikwa juu ya kitundu chenye vali katika mfuko mzito wenye zipu. Ikivuma kidogo, mfuko husinyaa na kukikumbatia kilichomo. Haitoi hewa yote, lakini hutoa sehemu kubwa. Uzito ule ule uliowashinda farasi wa Magdeburg ndio unaoubana mfuko juu ya kipande cha changu jikoni.

Mjane mmoja wa Bagamoyo, mchuuzi wa samaki wa miaka mingi, alipelekewa kifaa cha namna hii na binti yake anayefanya kazi Muscat. Mwanzoni alikidharau kama mchezo wa watoto. Kisha alikizoea, na kazi yake ikapata utaratibu. Hununua mnadani siku ya neema, tena mapema, wakati samaki wana macho maangavu na matamvua mekundu. Huwapara, huwatoa matumbo, huwaosha kwa maji safi ya baridi, huwakausha kwa kitambaa, na kuwakata vipande vya mlo mmoja mmoja. Havitii mfukoni papo hapo, kwa kuwa samaki mbichi hutoa maji, na pampu ikinywa maji huharibika. Huvitandaza kwanza juu ya sinia ndani ya friza mpaka vigande. Ndipo huvifunga, akafyonza hewa, akaandika juu ya kila mfuko jina la samaki na tarehe. Mali bila daftari hupotea bila habari, na friza pasipo maandishi ni kaburi la vitoweo.

Baadaye aliongeza mengine. Kisamvu kilichotwangwa, nazi iliyokunwa, na mchicha uliochovywa kidogo katika maji yachemkayo kisha katika maji baridi ili rangi na ladha yake isipotee, vyote vilipata mifuko yao. Kabla ya Ramadhani alikunja sambusa, akazigandisha kwanza ili pampu isizipondeponde, akazifunga. Kusi ilipovuma na mnada ukawa mkavu, wenye migahawa walimjia. Mmoja alitaja bei ndogo kwa mazoea ya zamani, akangoja jua limsaidie. Jua halikumsaidia. Mjane alitamka neno ambalo mchuuzi maskini hana katika msamiati wake: "Siuzi." Mtu yule aliondoka, akarudi jioni, akalipa.

Lakini nyumbani mwake kulikuwa na hakimu mwingine, naye ni mama yake mzazi, bibi kizee ambaye katika ujana wake alikaanga samaki kwa biashara. Siku moja alishika mfuko mmoja, akaugeuza, akaunusa.

"Mwanangu, huyu samaki ana siku ngapi?"

"Ana wiki sita, mama."

"Na harufu yake iko wapi?"

"Hana harufu, mama. Hewa imetolewa yote."

"Basi utamjuaje akiharibika? Samaki wa kweli husema mwenyewe. Huyu mmemziba mdomo."

Mtu mwenye haraka angelicheka maneno haya akayaita ushamba. Kwa hakika ni swali la elimu, tena swali ambalo watu wengi wenye vyeti hawajaliuliza. Kwa karne nyingi pua ilikuwa maabara ya pwani. Uvundo ni adui wa kitoweo, lakini ni rafiki wa mlaji, kwa kuwa humwonya. Vijidudu vingi vinavyonukisha samaki huhitaji hewa; hewa ikiondolewa hunyamaza. Ila kiko kimoja kisichotaka hewa kabisa, nacho hustawi wenzake wanaponyamaza. Wataalamu hukiita Clostridium botulinum. Sumu yake hulegeza misuli mpaka mtu ashindwe kuvuta pumzi, na chakula chenye sumu hiyo huweza kuwa hakina dalili ya harufu wala ya rangi.

Mwezi wa Desemba 1895, katika kijiji cha Ellezelles, Ubelgiji, wanamuziki wa bendi walikula baada ya mazishi nyama ya paja la nguruwe iliyohifadhiwa kwa chumvi. Wengi waliugua na watatu walikufa. Profesa Émile van Ermengem aliichunguza nyama ile akakipata kijidudu chenyewe. Mwaka 1963, huko Marekani, samaki wa moshi waliofungwa katika mifuko iliyofyonzwa hewa walisafirishwa mbali pasipo baridi ya kutosha, na walaji kadhaa walikufa. Mifuko ilikuwa safi na samaki walipendeza. Kilichokosekana ni baridi. Mfuko ulikuwa umemziba samaki mdomo, kama alivyosema bibi kizee.

Kutoka katika swali lake zinatoka kanuni zote za kazi hii. Ya kwanza, mfuko si badala ya friza. Ni nguo tu ya kuvaa ndani ya friza. Samaki aliyefyonzwa hewa hastahili kuachwa mezani, wala kusafirishwa katika kikapu kwa kuaminiwa mfuko wake, kwa sababu namna moja ya kijidudu kile huweza kukua hata katika baridi ya jokofu la kawaida, penye nyuzi tatu au nne tu juu ya sifuri. Ya pili, siku ya kumyeyusha mfuko ufunguliwe kwanza, hewa iingie, na samaki ayeyuke ndani ya jokofu. Ya tatu, apikwe hata moto umpenye kabisa, maana sumu ile huvunjwa na mchemko, ijapokuwa mbegu za kijidudu huvumilia hata maji yachemkayo.

Ya nne ndiyo inayosahauliwa zaidi: friza humpokea samaki kama alivyo, haimfufui. Jodari na kibua wakiachwa juani hufanya sumu nyingine katika nyama yao, inayowasha mwili na kuumiza kichwa, na sumu hiyo haiondolewi na barafu wala na chungu. Uaminifu wa mfuko huanza mchangani, saa ile samaki anapotoka chomboni. Anayefunga samaki aliyekwisha kuchoka amehifadhi uchovu wake.

Umeme nao una sehemu yake katika hukumu. Unapokatika, au salio la LUKU linapokwisha usiku, friza iliyojaa na kufungwa vema hushika baridi yake kwa muda wa siku mbili hivi. Iliyojaa nusu, siku moja. Hekima ni kutoufungua mlango kwa kuchungulia. Samaki aliyeyeyuka akapata joto asigandishwe tena kwa kuonewa huruma, kwa kuwa vijidudu vilivyoamka havikumbuki ahadi ya kulala. Ng'onda, kwa upande wake, hauliziwi kuhusu umeme. Kwa sababu hiyo mjane hakuitupa chumvi yake, na yeyote anayeshauri kuwa chombo kipya kifute maarifa ya kale amshauri kwanza aliyekaa gizani siku tatu.

Liko pia swali la plastiki. Tangu tarehe 1 Juni 2019 Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Mifuko ya kufungia vyakula haikuwa katika marufuku ile, lakini ruhusa ya sheria si ruhusa ya bahari. Mfuko unaopeperushwa hadi majini haujali ulikuwa wa kazi gani. Aliyeokoa samaki kumi kwa plastiki, kisha akaitupa plastiki walikozaliwa samaki wengine, hesabu yake bado haijasawazishwa. Mfuko uliofunga mchicha huweza kuoshwa, kukaushwa na kutumiwa tena. Uliofunga samaki mbichi una hatari zaidi, na kuusafisha kunahitaji uangalifu mkubwa.

Hata hivyo swali zito kuliko yote si la vijidudu, wala umeme, wala plastiki. Ni swali la jirani. Katika desturi ya pwani, nyumba iliyopata samaki wengi haikulala nao. Sahani ilipita mlango hadi mlango imefunikwa kawa, na haikurudishwa tupu. Kwa njia hiyo neema ya mtu mmoja ilikuwa chakula cha mtaa, na siku ya ukame aliyetoa alipokea. Tumbo la jirani lilikuwa friza ya watu wa kale; walichokiweka humo walikitoa siku nyingine kwa sura nyingine. Sasa samaki hulala miezi katika mfuko, na sahani hukaa kabatini. Wapo wanaosema kuwa pampu hii ndogo imefyonza, pamoja na hewa, ujirani.

Lawama hii ina ukweli, lakini haina ukweli wote. Zamani haikuwa rahisi kujua kama mtu ni karimu au anaukimbiza uvundo. Aliyegawa samaki jioni, akijua kuwa asubuhi atawazika, alitoa kitu ambacho kilikwisha kuanza kumtoka. Kushukuriwa alishukuriwa, na kulishwa watu walilishwa. Lakini nani angeweza kuipima nia yake? Friza haimfanyi mtu kuwa mchoyo, wala haimfanyi kuwa karimu. Humwondolea udhuru. Mwenye uwezo wa kuweka ndiye mwenye uwezo wa kutoa, kwa maana anachokitoa angeweza kukila. Kabla ya hapo ukarimu na lazima walivaa kanzu moja. Sasa kila mmoja ana yake, na watu wanaweza kuwatambua.

Bibi kizee hakuzungumza kwa mafumbo kuhusu jambo hili. Aliweka sharti, na mjane hulifuata: fungu la jirani hutolewa kwanza, kabla kisu hakijakata vipande vya mlo, kabla sinia haijaingia frizani, na kabla pampu haijatolewa katika kasha lake. Halitolewi lile lililobaki, wala lile lililokosa mfuko. Mjane alipouliza kwa nini lisingoje mpaka kazi iishe, mama yake alimjibu kuwa samaki hukunjwa angali mbichi, na mkono pia.